Haya ni ya Bata, Siyo ya Kuku

Sufuria lile nililipiga teke. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu mtaani kwetu, hapa Tanga mjini, habari imeshazunguka na kila anayeisimulia anaongeza lake. Wapo wanaosema nilimmwagia nesi uji wa moto. Wapo wanaosema nilipandisha mashetani. Sikupandisha kitu na sikummwagia mtu. Nilikuwa na mwanangu begani, midomo imemvimba, shingo imejaa mabaka, anakohoa kile kikohozi kikavu ambacho mimi nakijua na nesi hakijui, na nesi huyo amesimama mbele yangu na kijiko mkononi ananiambia:

"Mama, tulia. Mtoto amepaliwa tu, unamtisha na makelele yako. Halafu haya ni ya bata, siyo ya kuku."

Mguu ukanitoka. Sufuria la uji wa lishe, lile kubwa la shughuli, lilikuwa limeshaipuliwa, linapoa juu ya kigoda. Likaanguka, likabingirika uani mpaka kwenye ngazi za zahanati, na mfuniko ukaenda kugonga mlango wa chumba cha tabibu kwa kishindo. Akina mama wakaruka na watoto wao. Mmoja akalia, "Yarabi, neema ya Mungu hiyo!"

Mlango ukafunguka. Tabibu akatoka na kalamu mdomoni, akautazama uji, akanitazama mimi, kisha akamwona mtoto. Kalamu ikadondoka.

"Ana aleji ya nini huyu?"

"Mayai."

Hakuuliza ya ndege gani. Alimpokonya mikononi mwangu, akaingia naye ndani, akamchoma sindano ya paja. Mimi nilikaa sakafuni ubavuni mwa kitanda, nimeshika mguu wake mmoja, nasikiliza kifua kinavyopiga filimbi. Kidogo kidogo filimbi ikapungua. Alipolia kilio kamili, kilio cha mtoto aliyekasirika, ndipo na mimi nilipolia.

Huko nje nilikuwa nawasikia wanazungumza. Hawakuwa wanamzungumzia mtoto. Walikuwa wanazungumzia uji.

Sasa nieleze tulivyofika hapo, maana haikuanza siku hiyo.

Mwanangu ni wa kike, ni wa kwanza, na wakati huo hajatimiza miaka miwili. Yai lake la kwanza maishani lilitoka dukani, la kuku wa kisasa. Nililichemsha, nikaliponda kwenye kiazi. Hakumaliza hata kidogo nilichomwekea. Midomo ikatuna, akatapika, vipele vikamtoka mpaka nyuma ya masikio. Nikadhani yai lilikuwa viza. Mama mkwe wangu, anayekaa Tongoni na anafuga kila chenye mabawa, aliposikia kwenye simu alinihurumia kwanza, halafu akanicheka.

"Yai la dukani! Mwanangu, lile si yai, lile ni dawa tupu. Kuku hajui jogoo, hajui jua, anakula unga wa mifuko. Ulitegemea nini? Ngoja nikuletee ya kienyeji."

Akayaleta mwenyewe, kayafunga kwenye leso. Hoja yake ilikuwa na maana, na kwetu hakuna asiyeijua hoja hiyo: cha kisasa kina madawa, cha kienyeji ni salama. Tukampa mtoto. Safari hiyo tulikimbilia hospitali kubwa na bajaji, mume wangu kavaa ndala zisizofanana.

Daktari wa watoto aliyetuona alikuwa kijana, na alikuwa na subira ambayo mimi sikuzaliwa nayo. Alisema ni mzio, huu ambao sisi tunauita aleji. Hakuna sumu hapo, wala uchafu, wala madawa ya kuku. Ndani ya yai mna protini, na kinga ya mwili wa mwanangu imezishika protini hizo kuwa ni adui. Nikamuuliza lile swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeliuliza: basi nimpe la bata?

"Hapana," akasema. "Wala la kanga, wala la kware, wala la bata mzinga. Mama, mfikirie mlinzi wa getini. Amekariri sare: shati jeupe, sketi ya bluu. Akiiona tu, anapuliza filimbi na kutoa rungu. Sasa kuku, bata, kanga na kware ni wanafunzi wa shule mbalimbali, lakini wote wamevaa shati jeupe na sketi ya bluu. Mlinzi hasomi nembo."

"Na nyama ya kuku?"

"Ameshawahi kula?"

"Anakula mpaka anatafuna mfupa."

"Na haijamdhuru. Basi aendelee. Kwenye nyama ni protini nyingine, ni sare nyingine. Mayai ya ndege usijaribu, hata kidogo, hata yaliyopikwa ndani ya kitu. Na akivimba tena usingoje, mkimbize kokote kwenye sindano."

Nilielewa. Nimemaliza kidato cha nne na biolojia nilipata C, sikuhitaji arudie. Kazi ilikuwa kuwaelewesha watu wengine wote.

Nilianza na mama mkwe. Nikampa hadithi ya mlinzi na sare kama nilivyopewa. Akasikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akafikiri, akasema, "Kanga lakini yule ni ndege wa porini. Hajaenda shule yule."

Nikahamia kwa majirani. "Anakula kuku, halafu yai la kuku linamdhuru? Shoga, aleji gani hiyo inayochagua?" Huyo ni mmoja. Mwingine akaniambia mayai ya kware ni dawa ya pumu na ya aleji zote, yanatangazwa mpaka kwa spika. Wifi yangu akampa mtoto kipande cha keki siku ya Idi, bahati nikakiwahi kabla hakijafika mdomoni, akanuna wiki nzima kwamba nimemdhalilisha mbele ya wageni. Mtu pekee ambaye hakunibishia ni mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitafunio mtaa wa pili. Nilipomwambia tu, akaanza kunyoosha kidole kwenye makabati yake ya kioo. "Hii nankatai ni siagi, unga, sukari, yai hamna, chukua. Hii keki usiguse. Hii sijui, usichukue." Nilitaka kumkumbatia kwa lile neno sijui. Hakuna mwingine aliyewahi kulitamka mbele yangu.

Aliyekuwa upande wangu nyumbani ni bibi yangu mzaa mama, na ndiye aliyeniharibia.

Bibi ni wa Mkwaja, siku hizi anakaa kwetu. Kwa bibi mtoto mdogo hapewi yai, na hakuna mjadala. Akipewa kabla hajakomaa kusema, ulimi unafunga, anakuwa bubu, au anakuwa mwizi, inategemea siku hiyo bibi anasimulia vipi. Wazee wengi wa kwetu wanasema hivyo. Mwanangu alikuwa anaongea kama redio, na bibi alichukulia kwamba ni kwa sababu tuliwahi kulizuia yai. Mimi sikumbishia. Nilichotaka ni mtu mmoja nyumbani ambaye nikitoka sokoni hatakuwa amempa kitu, na huyo nilikuwa naye.

Sasa siku ya kliniki nikaenda naye. Nesi alikuwa mgeni, ametoka huko juu milimani, kaletwa zahanati yetu kwa mambo ya lishe ya watoto. Akampima mtoto, akatazama kadi, akatazama mzani tena.

"Uzito umesimama, mama. Unampa nini?"

Nikamtajia: uji wa karanga, samaki, maharage, maembe, nyama ya kuku tunapopata.

"Mayai?"

Kabla sijafungua mdomo, bibi akajibu kutoka kwenye benchi, kwa ile sauti yake ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

"Yai hapewi! Kwetu mwana hapewi yai mpaka ulimi umkomae."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamgeukia kwa adabu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, hizo ni mila potofu. Zimepitwa na wakati."

"Potofu? Nimelea wanangu na wana wa wanangu kwa potofu hizo. Wewe umelea wangapi?"

Benchi zima likacheka. Nesi hakucheka. Nikasema haraka, "Sista, siyo mila. Mtoto ana aleji, daktari wa hospitali kubwa kasema mayai ya ndege yeyote asipewe."

"Aleji," akasema. Alilisema kama unavyolisema jina la mtu uliyeambiwa ni mwongo. "Kila mama akibanwa siku hizi anasema aleji. Nyama ya kuku si umesema anakula?"

"Anakula."

"Basi hana aleji ya kuku." Akaligeukia benchi. "Mnaona, akina mama? Nyie watu wa Pwani mila zitawamalizia watoto. Yai moja tu, mtoto anapanda. Hamtaki. Ulimi, ulimi."

Tulipofika nyumbani nilimkalia bibi kooni. "Bibi, ungeniachia niseme mimi."

"Nimekutetea."

"Umenizika, bibi."

"Si tumesema neno moja? Mtoto asile yai. Wewe umesema asile, mimi nimesema asile."

"Sababu siyo hiyo!"

"Ya nini sababu, wakati yai halili?"

Nikaenda kufua.

Niseme jambo moja kuhusu yule nesi, nalo ndilo linalonikera kuliko yote: hakuwa mvivu. Alikuwa anazunguka na mzani wake nyumba kwa nyumba jua kali, anawajua watoto wa mtaa kwa uzito wao, anagombana na akina baba wanaokula vinono peke yao. Mtu mvivu angeniacha. Huyu hakuniacha. Kila nilipokanyaga kliniki alinipokea na utani, "Mama Ulimi huyo kafika," wenzangu wanacheka, na mimi namweleza tena: ndege yeyote, sista, bata, kanga, wote. Ananiitikia sawa mama, sawa. Kumbe masikio aliyafunga tangu siku ya bibi. Alichokuwa anakisikia kila ninaposema ni kikongwe kutoka Mkwaja.

Halafu ikaja siku ya mapishi ya lishe. Ni utaratibu wao: akina mama wanakusanyika uani pa zahanati, kila mmoja anakuja na alichonacho, nesi anaonyesha namna ya kuurutubisha uji, watoto wanakula palepale. Mimi nilikwenda na karanga zilizosagwa. Jirani mmoja anayefuga bata akaja na bakuli la mayai yake, makubwa, meupe, yanapendeza kweli. Nilipoyaona nikamfuata nesi moja kwa moja.

"Sista, wangu uji huu hatakula, ana ile aleji ya mayai niliyokwambia. Wake nimeuleta kwenye kikombe."

"Sawa, mama, sawa."

Maji yakapungua. Nesi akaniomba nikachote ndoo bombani, nyuma ya jengo. Mtoto nikamwacha mkekani kwa jirani yangu mwingine, nikamwonyesha kikombe. Foleni bombani haikuwa ndefu. Narudi na ndoo kichwani nasikia makofi.

Nikajua kuna kitu cha kufurahisha. Nikatabasamu, wallahi, nikidhani labda mtoto wa mtu kacheza.

Nesi alikuwa kachuchumaa mbele ya mkeka, kijiko kinaingia mdomoni mwa mwanangu, na anawaambia akina mama bila kugeuka, "Huyu ndiye tuliyeambiwa hawezi mayai. Sasa anakula au hali?"

"Anakulaaa!"

"Ulimi umefunga?"

"Haujafungaaa!"

Ndoo niliiachia hapohapo. Jirani yangu kaniambia baadaye kwamba alijaribu. Alimwambia, "Sista, mama yake kakataa." Sista akamjibu, "Aliyekataa ni bibi yake." Mengine nimeshayaeleza.

Mtoto walimlaza zahanati mpaka jioni, tabibu hakutaka tuondoke mapema kwa sababu hali ile inaweza kurudi. Haikurudi. Tukaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi nilipotoka kufagia nikakuta jina langu limeshabadilika: yule aliyemwaga chakula cha watoto. Mtoto wangu alikuwa amekosa pumzi mbele ya macho yao, wote waliona, na kilichobaki vichwani mwao ni uji. Jirani mmoja akapita na baiskeli, akapunguza mwendo, akasema, "Mama, hasira hasara," kisha akakanyaga pedali akaenda zake.

Mama mkwe akashuka kutoka Tongoni siku ileile. Alimbeba mjukuu wake, akamtazama mikono, akamtazama macho, akalia kwa siri upande wa jikoni. Nilimwona. Alipomaliza akafungua kikapu chake.

"Nimekuletea ya kanga," akasema polepole, kama mtu anayemkaribia mbwa asiyemjua. "Yule si kuku, na si bata."

Sikumfokea. Nilichukua kikapu, nikakipeleka kwa jirani, nikarudi nikakaa. "Mama," nikamwambia, "ukinipenda, usilete yai lolote nyumba hii. La ndege yeyote. Hata kama ndege huyo kashuka kutoka peponi."

"Basi mwanangu. Nilitaka tu anenepe."

Ndiyo, najua. Wote wanataka anenepe.

Jioni mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli na hapendi ugomvi na mtu anayepita mbele ya kibanda chake, akaniambia mwenyekiti wa mtaa ametuita. "Omba radhi yaishe," akasema. "Nesi yuko tayari kusamehe."

"Anisamehe mimi?"

"Si unajua mambo haya."

Nayajua. Kwetu ugomvi unamalizwa barazani kwa mtu mzima, chai inanyweka, watu wanashikana mikono, na aliyeumia anaondoka na donge lake kooni lakini mtaa unalala salama. Nikaenda. Nilivaa baibui langu zuri na nikamchukua mtoto, nilitaka wamwone.

Mwenyekiti alianza vizuri. "Mwanangu, kumwaga chakula cha watoto ni jambo zito. Na sista naye amepata fadhaa. Tuseme nini?"

Nikasema, "Wenzangu niliwamwagia uji, hilo nawaomba radhi. Jumamosi nitapika mwingine na karanga zitakuwa zangu. Sista simwombi radhi mpaka niseme naye."

Nesi alikuwa kakaa kwenye kiti cha plastiki, macho mekundu. Hakuwa amelala, niliona. "Sikuwa na nia mbaya, mama," akasema. "Kwetu mtoto asipopatana na la kuku tunampa la bata, na wanakua. Nilijua kabisa nakusaidia."

"Nilikwambia ndege yeyote."

"Uliniambia."

"Nilikwambia bata kwa jina."

"Uliniambia. Lakini na wewe jiulize, mama, mtoto anayekula nyama ya kuku..."

Hata hakuimalizia. Nilimtazama nikaona hana jeuri, hakuwa ananitania tena. Alikuwa anauliza kweli. Mtoto alikaribia kumfia mikononi na bado alikuwa anaamini kwamba kuna mahali mimi nimekosea hesabu, na siku nyingine, na mtoto mwingine au huyuhuyu, angejaribu la kware.

Mke wa mwenyekiti akatoka ndani na sinia la chai na vipande vya keki. Ya kusuluhishana. Akawapa wazee, akampa nesi, akainama akampa mwanangu kipande mkononi, na mwanangu akakielekeza mdomoni.

Nilikidaka.

"Ina mayai?"

"Ina, mama, lakini yameokwa!" akasema yule mama, na sura nzima ya huruma. "Moto si umeshaua?"

Barazani pale palikuwa na mwenyekiti, mume wangu, nesi na wazee wawili. Hakuna aliyestuka isipokuwa mimi. Nikairudisha keki kwenye sinia, nikamfuta mtoto kiganja kwa ncha ya baibui, nikaaga. "Shikamooni wazee. Nashukuru kwa chai."

Njiani mume wangu alinifuata anakokota baiskeli. "Sasa ndiyo nini? Umewaacha watu na chai mikononi."

"Kesho nakwenda kwa wanaosimamia zahanati. Naandika malalamiko."

"Utamshitaki nesi? Zahanati ni hiyohiyo moja. Mtoto akizidiwa utampeleka wapi?"

"Nitampeleka hapohapo. Ndiyo maana naandika."

Tulipofika mlangoni akasema, "Andika na ya bata, wasije wakasema hukueleza." Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake, na niliipokea.

Ofisini nilikutana na mama mmoja mezani, mpole, ana miwani iliyofungwa uzi. Nikamweleza. Akanisikiliza huku anapanga mafaili.

"Mtoto amefariki?"

"Hapana."

"Amepata ulemavu?"

"Hapana, huyu hapa, anachezea kiatu chako."

Akachungulia chini ya meza. Mwanangu akamwambia, "Shikamoo." Yule mama akayeyuka. "Marahaba, mrembo! Sasa dada, mtoto mzima kama huyu, unalalamikia nini hasa? Si uandike tu kwamba unaomba ushauri wa lishe? Itakwenda haraka."

"Ushauri ninao. Nataka kulalamika."

Akavuta pumzi, akanisogezea karatasi. Niliandika palepale, kwenye kona ya meza yake, mtoto mapajani akivuta kalamu kila baada ya sentensi. Akaisoma yote, midomo ikitembea. Akafika mahali akasema, "Hili la bibi lina ulazima?" Nikasema linao. Akagonga muhuri wa kupokelewa, akanipa nakala. Nimeiweka hapa kama ilivyo.

"Kwa mkuu wa ofisi inayosimamia zahanati.

Mimi ni mama wa mtoto wa kike anayehudhuria kliniki katika zahanati ya mtaa wetu. Ninalalamika kwamba siku ya mapishi ya lishe, muuguzi alimlisha mwanangu uji wenye mayai ya bata bila ruhusa yangu, nikiwa nimekwenda kuchota maji aliyonituma yeye. Nilikuwa nimemweleza kwenye kliniki kila nilipohudhuria, na tena asubuhi hiyohiyo, kwamba mtoto huyu ana mzio wa mayai. Mtoto alivimba na akashindwa kupumua vizuri. Aliokolewa kwa sindano na tabibu wa zahanati hiyohiyo, ambaye simlalamikii, namshukuru.

Utetezi wa muuguzi ni kwamba mayai hayakuwa ya kuku. Huo si utetezi. Protini za yai la kuku, la bata, la kanga, la kware na la bata mzinga zinafanana kiasi kwamba mwili wenye mzio wa moja unaweza kuyakataa mengine yote, na hakuna anayeruhusiwa kubahatisha kwa mtoto wa mwenzake. Kula nyama ya kuku hakuonyeshi kwamba mtoto anaweza kula yai. Hayo nilielezwa na daktari wa watoto na niko tayari kuja naye.

Utetezi wake wa pili ni kwamba familia yangu inafuata mila. Bibi yangu ana imani yake kuhusu mayai na nina haki ya kuwa na bibi. Imani yake haifuti maelezo yangu mimi niliyemzaa mtoto. Muuguzi alitakiwa kunisikiliza mimi, na kama alinishuku, alitakiwa kumuuliza tabibu aliyekuwa nyuma ya mlango.

Nakiri kwamba nililipiga teke sufuria la uji. Akina mama wenzangu nimeshawaomba radhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Siombi muuguzi afukuzwe, kwa sababu anafanya kazi na watoto wanamhitaji. Ninaomba afundishwe jambo hili, yeye na wote wanaopika siku za lishe. Ninaomba mtoto yeyote ambaye mzazi wake amesema ana mzio asilishwe chochote na mtu mwingine mpaka tabibu amesema. Ninaomba sindano iwepo karibu kila siku ya mapishi, na isihitaji kelele ili itoke.

Mtoto ni mzima. Nimeulizwa hilo kila nilipofikisha jambo hili, nalijibu hapa ili nisiulizwe tena. Ninaomba nijibiwe kwa maandishi, na kabla ya siku nyingine ya mapishi kufanyika."